Maua Yasiyotiwa Unga

Kwa miaka minane nilimjua mkwe wangu Bonifas kwa mgongo wake. Kwetu mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, wala hampi mkono. Babu yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge Kimamba, na pamoja na blanketi lake moja alibeba heshima hizo zote, na hapa Kilosa zikashika mizizi kuliko mahindi yake. Bonifas akifika kwangu anachuchumaa penye geti na kusema, "Shikamoo, mama." Naitikia, "Marahaba," huku macho yangu yako kwa kuku. Kisha anakwenda kukaa barazani akielekea relini, nami namwekea chakula kwenye kigoda nyuma yake na kurudi ndani. Nikiketi jikoni, kupitia mlangoni nayaona mabega yake yakipanda na kushuka anapokula. Kama mboga imempendeza au haikumpendeza, nilijua kwa mabega hayo tu.

Binti yangu Irine alikuwa akinicheka. "Mama, yule ana uso pia," alisema. "Siku moja nitakuletea picha uuone."

Irine alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa homa ya siku nne. Hawakuwa na mtoto. Nilimzika, nikakaa nikingoja mkwe naye apotee, maana ndivyo wanavyofanya, baada ya arobaini huanza kusahau njia. Bonifas hakuisahau. Kila Jumamosi alipanda pikipiki yake kutoka Mikumi, anakofanya ufundi umeme kwenye nyumba za wageni, akapita kijiji cha Ulaya na vumbi lake, akafika kwangu mchana. Shikamoo, marahaba. Anapigilia bati lililolegea, anakula ugali wake barazani, anaondoka. Maneno tuliyosemeshana kwa mwezi mzima yangeenea kwenye kiganja. Lakini niseme ukweli, ile Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikinifanya nioge, nichane nywele, niende sokoni kutafuta mlenda mzuri.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, alipomaliza kula alisema bila kugeuka, "Mama, nataka kuoa."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

"Anaitwa Raheli, ni mwalimu kule Mikumi. Sikutaka usikie kwa watu."

"Umefanya vizuri," nikasema. Sauti ilitoka nzuri kabisa, mpaka nikajishangaa.

"Na tunaomba keki uitengeneze wewe. Kubwa moja, na ndogo mbili za wazazi. Moja ya upande wa Raheli, moja ya upande wangu." Akakwaruza sahani kwa kidole. "Hiyo ya upande wangu, mama, nakuomba uipambe vizuri kabisa."

Wazazi wa Bonifas walifariki yeye akiwa mdogo. Upande wake amebaki shangazi mmoja, Kondo, mwanamke wa Ulaya mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndiye aliyekuwa akimwambia, kila msiba na kila ubatizo, kwamba mwanamume hawezi kuishi na kivuli. Kivuli chenyewe ni mwanangu. Basi nilielewa mara moja ile keki ndogo ni ya nani, na kwa nini iwe nzuri kabisa.

Bonifas alipoondoka nilikwenda barazani, nikakaa pale anapokaa yeye. Sijawahi kukaa pale. Unaona reli ya zamani, na nyuma yake kwa mbali ile mpya ya treni ya umeme, na mlima. Nikawaza kwamba mwanamume aliyeoa hana Jumamosi. Angekuja mara mbili, labda tatu, kisha siku moja mkewe angeuliza, kule unakokwenda ni kwa nani, na lingekuwa swali la haki. Mimi ni mama wa mke aliyekufa. Jina la kumwita mtu wa namna hiyo sijalisikia bado katika lugha yoyote niliyofundishwa. Niliogopa. Sikuwa na hasira siku ile, hasira ilikuja baadaye, siku ile niliogopa tu.

Kazi hii ya keki ni ya Irine. Alijifunza Morogoro, akarudi na vikata maua vyake, na kisukumio kisichozidi urefu wa kalamu, akanifundisha kwa sababu alichoka kuniona nimekaa. Mimi niliyezoea kusonga ugali wa watu ishirini kwenye misiba, nikaambiwa nishike brashi ya kupakia rangi ya kope. Nilimtukana sana wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikawa siachi.

Fondanti, kwa asiyeijua, ni donge la sukari linalosukumwa kama chapati na kutandazwa juu ya keki. Peke yake ni laini, na itabaki laini. Ukifinyanga ua, litasimama kidogo kisha litalala. Ndipo unapotia unga wa kukazia. Kwenye kopo zimeandikwa herufi tatu, CMC, lakini sisi tunauita hivyo tu, unga wa kukazia. Ni mweupe, hauna ladha, na kijiko kimoja cha chai kinatosha donge la ngumi mbili. Unakanda huku umejipaka mafuta kidogo viganjani, unalifunga kwenye nailoni, unaliacha lipumzike hadi asubuhi. Asubuhi si donge lile tena. Unalisukuma mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwake, na petali ikikauka, ukiigonga kwa kucha inalia. Ukizidisha unga, inapasuka ungali unaikunja. Ukipunguza, umejidanganya mwenyewe.

Raheli alinitumia picha kwa simu. Alitaka maua ya mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu mwisho wa mwaka, kwa sababu uko mmoja penye geti la shule anakofundisha na chini yake ndipo Bonifas alipomsalimia mara ya kwanza. Aliniandikia hayo yote, na "shikamoo mama" mwanzoni na "asante mama" mwishoni. Nilitafuta kosa katika ujumbe ule. Nilisoma mara nne.

Ua la mkrismasi lina petali tano. Nne ni nyekundu na ya tano, ile ya juu, ina weupe na madoa madoa, utadhani ilikosewa. Kuzisimamisha hizo tano ni kazi. Siku tisa nilikaa mezani. Vuli ilikuwa haijaanza, joto limetulia juu ya Kilosa, hata mbwa hawabweki. Petali zangu zilikauka kwenye trei za mayai, kila moja imelala kwenye shimo lake, na sukari laini ilikuwa hewani muda wote, jua likipenya mlangoni unaiona ikielea, haitaki kutua. Nilikuwa na sukari kwenye kope. Treni ilipita kule juu bila moshi, saa ikawa saa sita kisha ikawa saa kumi, na katikati sikumbuki kilichotokea.

Na Irine alikuwepo. Sisemi nilimwona, mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini alikuwa amekaa kwenye ile ndoo iliyofunikwa kifudifudi, mahali pake, na mara moja moja alisema neno. Mama, unabonyeza mno. Mama, hiyo ya madoa izungushe kidogo. Nilimwuliza kama anajua maua haya ni ya nani. Akasema anajua. Nikamwuliza kama haumii. Akasema tu kwamba kingo za petali ziwe nyembamba zaidi, nami nikazifanya nyembamba zaidi. Sijawahi kuwa na siku tamu na chungu namna ile, na kama zingeendelea mwaka mzima nisingelalamika.

Unga wangu wa kukazia, ule wa mfuko, uliisha siku ya nane. Ulikuwa umetosha maua ya keki kubwa na ya keki ya wazazi wa Raheli, yote yamekauka, yamesimama, hata mimi nilikuwa nikiamka kuyaangalia. Yalibaki maua matatu ya keki ya tatu. Kabatini lilikuwamo kopo la unga la Irine.

Kopo hilo nilikuwa silitumii. Nililifungua mara moja tu, mwezi mmoja baada ya msiba, na ndani, juu ya unga, palikuwa na kishimo. Ni alama ya kijiko chake, pale alipochota mara ya mwisho. Unga ule umeshikamana kidogo kwa unyevu, kishimo hakikufukiwa. Kila nikihamisha vitu kabatini nililibeba kopo kwa mikono miwili, wima, kama uji wa moto. Watu wengine wana picha ukutani.

Siku ile nililiweka mezani, nikafungua kifuniko, nikashika kijiko. Nikamfikiria Shangazi Kondo anavyocheka akionyesha ufizi wote. Nikafikiri kwamba kishimo cha mwanangu nitakichimbua ili maua yasimame mbele ya yule aliyemwita kivuli. Ningeweza kumpigia mtu Morogoro, na unga ungefika kesho yake kwa treni. Sikupiga. Nikafunga kopo, nikalirudisha, nikachukua fondanti tupu, nikafinyanga maua matatu bila hata chembe ya unga. Nilijua ninachofanya. Kwa macho, asubuhi ile, yalikuwa mazuri kuliko yale mengine yote, maana fondanti isiyo na unga ina ulaini wa shavu. Ndoo ilikuwa kimya.

Harusi ilikuwa Jumamosi, siku yangu. Majirani waliniambia nisiende, nikae kwangu niombe Mungu. Nikawaambia keki haina miguu. Bonifas alimtuma rafiki yake Melkizedek aje na gari aina ya Noah, tukatandika magodoro nyuma, tukapakia viboksi vya keki, na kile cha keki ya tatu nikakipakata mwenyewe. Sijui kwa nini. Labda mtu hupenda kukaa karibu na kosa lake.

Tulipofika Ulaya ilikuwa siku ya gulio, baiskeli zimejaa barabara, halafu mbele yake ng'ombe. Walikuwa wanavuka, na ng'ombe wakivuka hakuna haraka ya mtu. Kijana wa Kimasai aliyekuwa akiwaswaga alisimama dirishani kwangu, akanisalimia kwa adabu, akachungulia kiboksi kupitia kile kidirisha cha nailoni.

"Mama, hayo ni maua ya kweli?"

"Ya sukari," nikasema.

"Mbona yanasinzia?"

Melkizedek akacheka. Mimi nikatazama. Petali ya madoa ya ua la kwanza ilikuwa imeinama. Ng'ombe walipita polepole, weupe, weusi, wa kahawia, kengele moja ikilia mbali na nyingine karibu, na vumbi likapanda likawa la dhahabu, na ndani ya vumbi lile petali nyingine ikashuka mbele ya macho yangu, taratibu, bila sauti. Sikusema simama, sikusema endesha. Nilikuwa nimetaka haya yatokee, na sasa yakitokea sikuwa na raha yoyote.

Sherehe ilifanyika mchana, kwenye bustani ya ukumbi mmoja nje kidogo ya mji wa Mikumi, chini ya maturubai. Keki kubwa niliisimamisha katikati, watu wakaja kuipiga picha. Mwanamke mmoja aligonga petali kwa kucha, ikalia, akaniangalia kwa heshima. Ile ya tatu niliigeuza ikaelekea upande wa nguzo. Nikakaa meza ya mwisho na wapishi. Shangazi Kondo alikuwa meza ya mbele na kilemba cha zambarau, anaonekana kutoka kila pembe.

Raheli nilimwona akiingia. Ni mfupi, mweusi, ana miwani. Alikuwa anatembea akihesabu hatua ili asikanyage gauni. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na nilipomwona anahesabu hatua nikakosa mahali pa kuanzia.

Wakakata keki, wakalishana. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa maharusi wanapeleka keki kwa wazazi. Muziki ukapanda, wazazi wa Raheli wakasimama, wakapigiwa magoti, wakalishwa, maua yao yamesimama wima kama yalivyotakiwa. Kisha akasema, "Mama wa bwana harusi. Mama, popote ulipo, simama tukuone."

Nikamwangalia Shangazi Kondo. Shangazi Kondo alikuwa ananiangalia mimi. Ameshasimama, anapiga makofi, na kile kilemba chake kinacheza.

"Mama Irine," aliita kwa ile sauti yake, bustani nzima ikageuka. "Simama bwana, unangoja kubebwa?"

Nilisimama kwa sababu wapishi walininyanyua. Nilimwona Raheli akienda kwenye meza ya keki, akaikuta ile ya tatu imeelekea nguzo, akaigeuza. Akasita kidogo. Kisha wakaja, yeye na Bonifas wameishika pamoja, watu wakicheza nyuma yao, safari ndefu kupita katikati ya viti vyote. Nilikuwa na muda wa kutosha kuona. Maua mawili yalikuwa yamelala chali. La tatu limeinamia keki, petali ile ya madoa imenasa kwenye sukari nyeupe na kuipaka wekundu. Nimepamba keki za watu wengi katika wilaya hii, na keki mbaya kuliko zote ilikuwa yangu.

Wakapiga magoti. Nikatafuta kuku wa kuangalia. Pale ukumbini hapakuwa na kuku.

"Shikamoo, mama," Raheli akasema.

"Marahaba."

"Maua yamelegea kwa joto, utusamehe. Tulipaswa kutuma gari mapema."

Ningeyaacha hapo, ningeponea hapo. Muziki ulikuwa juu, hakuna aliyesikia ila sisi watatu. Lakini mtoto wa watu amepiga magoti kwenye nyasi, na gauni jeupe, ananiomba msamaha kwa dhambi yangu.

"Si joto," nikasema. "Sikuyatia unga. Nilidhani ni ya shangazi yake."

Kisha nikaona mabega ya Bonifas yanatikisika. Mabega yale nayajua. Yalikuwa yakitikisika vile enzi za Irine, yeye akiwa barazani na mwanangu amemnong'oneza jambo. Na mimi, kwa miaka minane, sikuwahi kuona ni uso gani unaoambatana na mabega hayo, basi nikainua macho. Ana mwanya. Ana mvi tatu nne kwenye ndevu, kijana yule. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuwa anaona haya.

"Nilikuambia uipambe vizuri kabisa," akasema.

"Ungesema ni ya nani."

"Ningesemaje, mama? Wewe ni mama mkwe."

Akachukua kipande na ua lake lililolala, akanilisha kwa mkono wake. Watu wakapiga vigelegele. Ua lilikuwa laini, liliyeyuka kabla sijafunga mdomo. Nikafikiri imekwisha, lakini hakuinuka. Raheli akaninyooshea sahani. Ilikuwa zamu yangu kumlisha Bonifas.

Hapo mkono wangu ukagoma. Nilijua, na yeye alijua, na kila mwenye asili ya Tabora pale chini ya turubai alijua, kwamba mkwe hali mbele ya mama mkwe. Akila, si mkwe tena. Na ukwe huo ni Irine aliyeuweka. Ile baraza, ule mgongo, kile kigoda, vyote aliviweka yeye siku alipomleta yule kijana getini kwangu, na ndivyo vilivyokuwa vimebaki vya kwake ambavyo bado vinapumua. Mtoto wa kiume niliyekuwa nikimtamani alikuwa mbele yangu, amefunua mdomo, na ili nimpate ilibidi nimwache mwanangu aende. Nilitaka na sikutaka. Niliumia kifuani kama siku ya kwanza ya msiba.

Bonifas alikuwa bado amefunua mdomo. Lakini alikuwa amefumba macho. Hata hapo, kwa heshima, alikuwa amefumba macho.

"Fumbua macho, mwanangu," nikamwambia.

Akafumbua. Nikamlisha. Anatafunia upande wa kushoto, polepole, na shavu linajaa kama la mtoto. Sikuwa nalijua hilo. Nikamtazama mpaka akameza.